Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Wafumaji wa Uingereza na Japani

Katika sanduku la marehemu bibi yangu mlikuwa na leso za aina mbili, naye alizitenga kwa majina: za Manchester na za Japani. Hakupata kuiona hata nchi moja kati ya hizo, lakini kwa kugusa tu alijua ipi nzito, ipi nyepesi, na ipi itachuja rangi ikifuliwa. Nikiwa mtoto sikujua kwamba katika mikunjo ya leso zile mlijificha historia ndefu ya ushindani.

Katika miaka ya 1920 na 1930, viwanda vya Japani vilikuwa miongoni mwa wanunuzi wa pamba iliyolimwa na wazee wetu wa Uganda, na nguo za bei nafuu kutoka Japani zilijaa madukani Afrika Mashariki. Wenye viwanda wa Lancashire walilalamika sana. Mwaka 1934 Serikali ya Uingereza ikaweka kiwango cha nguo za Japani zinazoruhusiwa kuingia katika makoloni yake mengi. Nchi zetu hazikuguswa na amri hiyo, kwa sababu mapatano ya kimataifa kuhusu Bonde la Kongo yalitaka mlango wa biashara uachwe wazi. Basi mataifa yale mawili yakaendelea kugombea migongo ya bibi zetu.

Huo ndio upande tunaoujua. Lakini historia ya nguo baina ya Uingereza na Japani ina upande wa pili, wa watu waliotembeleana ili wajifunze. Na upande huo unatufaa sisi walimu.

Mwaka 1920 mfinyanzi Mwingereza Bernard Leach alirudi kwao kutoka Japani pamoja na rafiki yake Shoji Hamada, wakajenga tanuri katika mji wa St Ives. Mwaka uliofuata wakaenda kijiji cha Ditchling, kwa mfumaji Ethel Mairet. Mama huyu alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1916, kitabu kuhusu rangi za mimea, wakati ambapo rangi za viwandani zilikuwa zimeshika soko lote. Hamada alivutiwa na maisha ya mafundi wale walioishi shamba na kuishi kwa kazi ya mikono yao. Na aliporudi Japani alifanya makao yake Mashiko, kijiji cha wafinyanzi. Mgeni alikuwa amechukua kitu, ingawa hakikuwa cha kubebwa sandukuni.

Miaka 31 baadaye, Julai 1952, wafinyanzi na wafumaji wa nchi mbalimbali walikutana Dartington Hall, katika jimbo la Devon. Hamada alikuwapo, pamoja na mwanafalsafa Soetsu Yanagi, mtetezi mkuu wa sanaa za watu wa kawaida wa Japani. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha miaka saba tu iliyopita, na mataifa yao yalikuwa yamepigana. Kuketi meza moja kuzungumzia udongo na nyuzi halikuwa jambo dogo. Hata hivyo, yalikuwa mazungumzo ya wakubwa: waliojulikana walinena, na chipukizi wakasikiliza.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya maonyesho yaliyofunguliwa Uingereza mwaka 2004 kwa jina la Through the Surface, maana yake kupenya uso wa kitu hadi ndani. Aliyeyaandaa ni Lesley Millar, mfumaji na mwalimu wa chuo. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, alikuwa ameandaa maonyesho ya kazi za nguo za Uingereza yaliyofika hadi Japani. Na mwaka 2001 akaleta kazi za Wajapani Uingereza. Angaliweza kuishia hapo, kila upande ukiwa umekwisha kuonyeshwa kwa mwenzake. Lakini kuonyeshana si kushirikiana.

Kwa hiyo safari hii aliwachagua wasanii 14, akawagawa katika jozi saba: mmoja wa Uingereza na mmoja wa Japani, mmoja mwenye jina na mwingine chipukizi. Chipukizi alivuka bahari akakae na mwenzake na kufanya kazi karibu naye, si kwa siku mbili tatu za ugeni. Waliandika shajara za kazi yao, ili njia nayo ionekane, si mwisho wake pekee. Jun'ichi Arai, aliyezaliwa mwaka 1932 katika Kiryu, mji wa hariri, na aliyesifika kwa kufuma vitambaa vyenye nyuzi za madini, aliunganishwa na mfumaji Tim Parry-Williams. Machiko Agano, afumaye kazi kubwa kwa nyuzi za chuma na mishipi ya kuvulia samaki, aliunganishwa na Anniken Amundsen, aliyetoka Norwei akafanya kazi Uingereza, na ambaye kazi zake zilihusu ugonjwa unavyoingia mwilini. Mwaka 2005 maonyesho hayo yalifika Kyoto.

Jambo lile lilikuwa na hatari yake. Anayekaa karibu na bingwa huweza kumezwa naye, akarudi kwao akiwa kivuli. Na bingwa naye huweza kumpokea mgeni kwa chai na tabasamu, asimfungulie mlango wa karakana. Katika kitambaa, mtande hutangulia kutandikwa na kukazwa. Mshindio huja baadaye, ukipita juu na chini yake. Lakini mtande peke yake ni nyuzi tu, haujawa nguo. Bingwa aliyekubali kushirikiana alikubali pia kwamba kazi yake itapitwa katikati na mkono wa mwingine.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wasanii wa nchi tajiri, yasiyomvika mtu nguo. Ni kweli, hayakumvika mtu. Lakini sisi nasi tunalitaja neno ushirikiano katika kila mkutano. Tunabadilishana wageni baina ya nchi jirani, tunapiga picha, tunasomeana hotuba, kisha kila mtu anarudi kwao na Kiswahili chake kile kile.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahutubu. Basi tutakapoandaa tena ziara ya walimu, tusianze kwa kuuliza nani atafungua sherehe. Tuulize kwanza mwalimu kijana atakaa nyumbani kwa nani, kwa miezi mingapi, na kama mwenyeji wake yu tayari kusahihishwa naye.