Kabla ya nishani kulikuwa na kiota

Huku kwetu Kwale neno panya halina heshima. Vichochoro vya magendo pale mpakani Lunga Lunga na Vanga tunaviita njia za panya. Kibaka wa sokoni ni panya. Nyumba ikiwa na panya, mwenye nyumba anaona haya mgeni akisikia mkwaruzo darini. Kwa hivyo najua nikisema leo tuongee historia ya kulea mama panya na vitoto vyake, nusu yenu mtasema huyu kijana ameishiwa na maudhui. Nipeni dakika tano tu.

Kwanza tuwe wakweli, chuki hii ina sababu. Panya mweusi, huyu wa darini, asili yake si huku. Alitoka upande wa Bara Hindi akavuka bahari ndani ya vyombo pamoja na shehena, na mifupa iliyochimbuliwa Unguja Ukuu inaonyesha alishafika visiwani kabla ya mwaka 1000. Alikula nafaka za watu, na viroboto wake walileta tauni. Nairobi mwaka 1902 tauni ilipoingia, wakoloni waliteketeza soko zima la Wahindi. Hayo hayafutiki.

Lakini tuna panya mwingine, na huyu ni mwenyeji kabisa. Ni buku. Mkubwa, anaweza kufika kilo moja na zaidi, mashavuni ana mifuko ya kubebea chakula, macho yake hayaoni vizuri ila pua yake ni ya ajabu. Kisayansi hata si wa ukoo mmoja na huyu wa darini. Mkulima anamjua kwa kufukua mbegu na kuiba muhogo. Dunia nzima inamjua kwa jambo lingine, na jambo hilo lilianzia chumbani mwa mtoto.

Mtoto mwenyewe ni Bart Weetjens, Mbelgiji. Alipotimiza miaka 9 alizawadiwa hamsta, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya. Akaongeza wengine, wakiwemo panya. Wakizaa, analea vitoto, kisha anaviuza kwenye maduka ya wanyama. Fikiria mtoto wa hapa Ukunda akimwambia mamake anataka kufuga panya chumbani! Lakini yule aliachiwa, na miaka hiyo ya kulea ilimfundisha kitu ambacho wengi hawakijui: panya ana akili, anafundishika, na pua yake haina mchezo.

Kulea kwenyewe si mchezo pia. Panya wa kufugwa hubeba mimba siku 21 hadi 23. Akikaribia kuzaa anakusanya karatasi na vitambaa anajenga kiota. Vitoto vinazaliwa vyekundu, bila manyoya, macho na masikio yamefungwa, na mara nyingi ni vingi, sita, minane, hata kumi na zaidi. Ngozi yao ni nyembamba mno, ukitazama tumboni unaona maziwa meupe waliyonyonya. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba mama anafanya kazi yake.

Kazi ya mlezi siku hizo za mwanzo ni ndogo lakini ni ya lazima. Dume linaondolewa mapema, maana jike anaweza kushika mimba tena ndani ya siku moja baada ya kuzaa. Mama anaongezewa chakula chenye nguvu, kama yai la kuchemsha, na maji yasikatike. Mahali pawe kimya, paka na kelele mbali, maana mama akiingiwa na hofu kubwa anaweza kuwatelekeza wanawe au hata kuwala. Kiota hakifukuliwi kwa sababu mtu anataka kupiga picha. Ukitaka kuhesabu vitoto, subiri mama atoke mwenyewe kula. Akishakuamini, unaanza kuvishika kidogo kidogo ili vizoee harufu ya mkono wako. Wiki ya pili macho yanafunguka. Wiki ya tatu wanaanza kuonja chakula. Wakifika wiki tano, madume hutengwa na mama na dada zao, la sivyo utakuwa na ukoo usiokwisha.

Na huo utulivu wa mama si urembo. Mwaka 1997 Michael Meaney na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichapisha utafiti wao kuhusu panya: vitoto vilivyolambwa na kusafishwa sana na mama yao, vikishakua, miili yao ilitoa homoni chache zaidi za msongo kuliko vile vilivyolambwa kidogo. Yaani utulivu wa panya mkubwa unaanza kujengwa kwa ulimi wa mama.

Mwaka huo huo wa 1997 Weetjens, sasa mtu mzima na mhandisi, alianzisha shirika la APOPO. Alikuwa anatafuta njia rahisi ya kugundua mabomu yaliyotegwa ardhini, akasoma kuhusu utafiti wa kutumia wanyama wadogo wa jamii ya panya kunusa baruti, akakumbuka wale wa chumbani. Profesa Ron Verhagen wa Chuo Kikuu cha Antwerp, mtaalamu wa panya, akamwelekeza kwa buku: ni wa Afrika, anastahimili magonjwa ya huku, na akifugwa anaweza kuishi hadi miaka minane. Mwaka 2000 kazi ikahamia Morogoro, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Hapo kiota kikawa karakana. Buku hazai kama panya wa darini. Anazaa wachache, kwa kawaida mmoja hadi watano. Tena mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walieleza jambo la kushangaza: uke wa buku jike unaweza kubaki umefungwa kabisa hata akiwa mkubwa, kisha baadaye ukafunguka. Kwa hiyo si kila jike yuko tayari kuzaa, na kila kiota kina thamani. Vitoto vinaachwa kwa mama. Macho yakishafunguka, Watanzania wa pale wanaanza kuwabeba, kuwazoesha sauti za watu, magari, nyasi na udongo. Mafunzo ya kunusa yanafuata: akipatia, anasikia mlio wa klik na kupewa ndizi au karanga. Inachukua miezi kama tisa. Asubuhi wakiwa kazini hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani, maana buku ni mnyama wa usiku. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Wa Morogoro hawaambiwi wachimbe. Mmoja anaonyesha mahali, watu wanachimba.

Sasa hili linatuhusu vipi sisi wa Kwale? Nendeni Makongeni, Msambweni, mkaongee na wazee Wamakonde. Babu zao walitoka kaskazini mwa Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, na wakaishi hapa miongo mingi bila kitambulisho mpaka walipotembea kwenda Nairobi Oktoba 2016 kudai haki yao. Nchi waliyotoka ilipigana vita vya uhuru kuanzia 1964, halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoisha 1992. Vita viliisha lakini mabomu yalibaki ardhini, mashambani, njiani, chini ya nguzo za umeme. Buku wa Morogoro walipelekwa huko, wakafanya kazi kubwa mkoa wa Gaza upande wa kusini, wakisaidiana na watu wenye mashine na mashirika mengine. Septemba 2015 Msumbiji ikatangazwa kuwa haina tena maeneo ya mabomu hayo. Mkulima akarudi shambani na miguu yake miwili.

Mmeshasikia kuhusu Magawa. Alizaliwa Morogoro Novemba 2013, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu 71, na Septemba 2020 akawa panya wa kwanza kupewa nishani ya dhahabu ya PDSA ya Uingereza. Mwaka 2025 Ronin, naye wa Morogoro, akavunja rekodi kwa mabomu 109. Wengine wako maabara wananusa makohozi kutafuta kifua kikuu, sampuli 100 kwa dakika 20. Majina ya hawa mashujaa yako kila mahali. Majina ya mama zao, na ya wale vijana wa Morogoro waliokaa kimya kando ya kiota wakisubiri, hamyasikii.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Tunapenda kusimulia nishani. Mimi nasema historia hii ilijengwa na mama aliyeachwa atulie na mtoto aliyeachwa adadisi. Huku kwetu mtoto akiokota kinyama akakichunguza, jibu ni moja: tupa huo uchafu! Sisemi muende Shimba Hills mkatege buku, hapana. Buku wa porini anauma vibaya, anaweza kubeba magonjwa, na kufuga mnyamapori bila kibali cha KWS ni kosa. Lakini mtoto anayetaka kufuga sungura, njiwa, hata panya mweupe wa dukani, mfundisheni kunawa mikono, mfundisheni kutomsumbua mama mwenye wana, halafu mwacheni. Hatujui anajifunza nini pale.

Niambieni, kwenu mtoto akileta kinyama nyumbani, anaambiwa nini?