Miaka Kumi na Minane Nje ya Uwanja

Mwezi wa Mei mwaka 1859, katika hoteli moja ya mji wa Melbourne, wanachama wachache wa klabu changa ya mpira, miongoni mwao Tom Wills aliyesomeshwa Uingereza na kurejea na sifa kubwa ya kriketi, waliketi wakaandika kanuni za mchezo ambao hadi leo unatawala majira ya baridi katika miji ya kusini mwa Australia. Mpira wake una umbo la yai. Uwanja ni wa mviringo, kwa kuwa aghalabu ni ule ule wa kriketi. Na kila upande husimama milingoti minne, ambapo mwenye kuupitisha mpira kwa mguu baina ya ile miwili ya kati huipatia timu yake alama 6, na ukipita kando yake hupatikana 1 tu. Hapana aliyeona haja ya kutangaza kwamba mchezo huo ni wa wanaume, maana jambo lililokuwa kaida kwa watu wote halikuhitaji wino. Lakini wanawake walifurika viwanjani tangu karne ile ile, wakishangilia na kuzomea pamoja na waume zao na kaka zao, na kwa hivyo si kweli, kama ilivyodaiwa mara nyingi baadaye, kwamba mapenzi ya mchezo huo yaliwafikia juzi.

Ruhusa ya kuingia ndani ya mstari iliwajia kwa njia ya vita. Mwaka 1915, vijana wa kiume wakiwa wamesafirishwa kwenda kupigana, wafanyakazi wa kike wa duka kubwa la Foy & Gibson mjini Perth waliunda timu wakacheza hadharani, na miaka michache baadaye mechi za namna hiyo zikaonekana Adelaide pia, zikikusanya fedha za sadaka. Ila ruhusa ile ilikuwa ya dharura: wanawake walikaribishwa maadamu mchezo wao ulikuwa tamasha la hisani, wala hakuna aliyefikiri kuwaandalia ligi, makocha au ijara. Ndipo ikapita miongo mingi ya mechi za hapa na pale, hata mwaka 1981 jimbo la Victoria likapata ligi ya wanawake yenye timu nne, ambayo wachezaji wake waliiendesha wenyewe kwa juhudi zao.

Ili kuyafahamu maisha ya mchezaji wa zama hizo, inatosha kumfuata mmoja. Erin Phillips alizaliwa mwaka 1985 katika nyumba ya mpira: baba yake, Greg Phillips, alitwaa ubingwa mara 8 na Port Adelaide, akachezea pia Collingwood ya Melbourne, na binti akakua akiamini, kama aminivyo mtoto yeyote wa fundi, kwamba kazi ya baba ni mirathi yake. Alicheza pamoja na wavulana na akawashinda wengi wao, hata alipofika miaka 13 akaambiwa kwamba sheria haimruhusu kuendelea. Kwa wavulana, umri ule ndio hasa klabu kubwa zilipoanza kuwatupia jicho. Kwa wasichana ulikuwa ukuta. Hakuwa na ligi ya kukimbilia yenye tumaini la riziki, basi akaugeukia mpira wa kikapu, akaufanya kuwa kazi yake, akavuka bahari hadi Marekani na kutwaa ubingwa na Indiana Fever mwaka 2012 na Phoenix Mercury mwaka 2014, na kabla ya hayo alikuwa amerudi na nishani ya fedha kutoka michezo ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008.

Wakati yeye yumo katika mpira wa kikapu, wasichana watatu wa Melbourne, Penny Cula-Reid akiwa mmojawapo, walikataa kuupokea ukuta ule kimya kimya, wakapeleka shauri lao kwenye baraza la hukumu la Victoria. Hukumu ya mwaka 2004 haikuwapa yote waliyoyaomba, lakini wakubwa wa mchezo walitahayari mbele ya umma, na mwaka huo huo mashindano ya wasichana yakaanzishwa. Wengi husimulia historia hii kana kwamba ilianza siku wakubwa wa ligi ya wanaume walipofungua mikoba yao. Mimi naona ilianzia kwa watoto wale watatu.

Mechi ya maonyesho ikachezwa mwaka 2013 baina ya Melbourne na Western Bulldogs, na mwaka 2016 klabu 8 zikapewa idhini ya kuunda timu za ligi ya taifa. Phillips, aliyekuwa amecheza kikapu katika Olimpiki ya Rio mwaka huo huo, alijiunga na Adelaide akiwa na umri wa miaka 31. Usiku wa tarehe 3 Februari 2017, Carlton walipowakaribisha Collingwood, watu 24,568 waliingia uwanjani, milango ikafungwa, na mkuu wa ligi, Gillon McLachlan, akatoka nje kuwataka radhi waliokosa nafasi. Ijara, hata hivyo, haikulingana na shauku hiyo: nyota wachache walilipwa dola 27,000 kwa msimu, na wachezaji wengi 8,500, kwa hiyo wauguzi, walimu na polisi walitoka kazini jioni wakaenda mazoezini.

Miongoni mwa wachezaji wa msimu ule wa kwanza alikuwamo Akec Makur Chuot wa Fremantle, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyepitisha utoto wake katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kabla ya kupelekwa Perth, na ambaye baadaye alivaa jezi za Richmond na Hawthorn.

Adelaide ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza, na Phillips, nahodha mwenza pamoja na Chelsea Randall, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa fainali na wa ligi nzima. Mwaka 2019 alizitwaa tena tuzo zote mbili; fainali yenyewe ilitazamwa na watu 53,034 katika uwanja wa Adelaide, timu yake ikiishinda Carlton 63 kwa 18. Lakini katika robo ya tatu kano ya goti lake ilikatika, akatolewa juu ya machela, umati wote ukisimama na wapinzani wakimjia kumpa pole. Waandishi walisema ligi imemzaa nyota. Hasha! Ligi ilimkuta ameshaiva, amefunzwa na mchezo mwingine, na wale waliomwondoa akiwa na miaka 13 hawana haki ya kujivunia mavuno yake.

Alirudi akapata ubingwa wa tatu mwaka 2022, kisha mwaka huo huo akahamia Port Adelaide, klabu ya baba yake, iliyokuwa ndiyo kwanza inaunda timu ya wanawake, akawa nahodha wake wa kwanza akiwa na miaka 37. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 wachezaji wa kiume na wa kike waliunganishwa kwa mara ya kwanza katika mapatano mamoja ya ujira, yaliyowaahidi wanawake mikataba ya miezi 12 badala ya ile ya msimu. Msimu ulipokwisha mwaka huo, Phillips alistaafu.