Kipande na swali la asili: yaliyowapata watu wa Meru na Embu, na yanayotupata sisi

Kwetu Pwani wazee hadi leo kitambulisho cha taifa hukiita kipande, na hawakosei, kwani karatasi hiyo ilianza hivyo. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wenyeji mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alitakiwa achukuliwe alama za vidole na atembee na kipande chake ndani ya kibweta cha bati, kikining'inia shingoni. Humo mliandikwa jina lake, kabila lake, jina la tajiri aliyemwajiri na mshahara aliomlipa. Neno uraia halikuwamo. Kazi ya kipande ilikuwa kumjulisha askari kwamba huyu ni kibarua wa fulani na asionekane mahali pengine. Mwaka 1947 ikaja sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote, na hiyo, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo Sheria ya Usajili wa Watu tunayoitumia hadi sasa. Wanawake hawakuingizwa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970.

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyehamia Meru kwa biashara. Nayaandika haya kwa sababu ndugu zangu wa Pwani, tukizungumza habari za vitambulisho, hudhani watu wa bara hawajui kabisa adha ya kuulizwa "asili yako wapi?" Leo ni kweli, kijana wa Kimeru au Kiembu akitimiza miaka 18 huenda na cheti chake cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, akapigwa picha, akaweka vidole, akarudi nyumbani. Lakini babu zake walipigwa msasa kuliko tulivyowahi kupigwa sisi.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali iliyaweka makabila matatu katika fungu moja: Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wilaya ya Embu ya wakati ule ilikuwa kubwa kuliko kaunti ya leo, kwani eneo tunaloliita Kirinyaga lilikuwa ndani yake. Mtu wa makabila hayo hakutazamwa kwa alichofanya. Alitazamwa kwa alikozaliwa. Aprili 1954 jeshi lilipoizingira Nairobi, watu wa makabila hayo walipangwa foleni mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kichwani, limetobolewa matundu ya macho, naye akitikisa kichwa tu mtu alipandishwa lori. Waliosalia waliwekewa kitabu cha pasi, ambacho bila hicho hawakuweza kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Huko mashambani zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na ulinzi.

Na kwa sisi wa Pwani iko sehemu ya habari hii ambayo hatuisimulii sana. Wengi waliokamatwa waliletwa kwetu. Manyani ni Taita Taveta. Mackinnon Road iko njiani kuja Mombasa. Hola ni Tana River, na hapo ndipo mahabusu 11 walipouawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959. Kambi nyingine ilikuwa Takwa, kisiwani Manda, ng'ambo tu ya Lamu.

Nimeitaja Manda kwa sababu. Waulize Wameru wenyewe walikotoka, watakuambia Mbwaa. Katika masimulizi ya wazee wao, Mbwaa ni kisiwa au nchi ya kando ya bahari, ambako babu zao walikuwa watumwa wa watu wanaowaita Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu, mpaka wakatoroka wakiyapita maji na wakapanda bara hadi kufika mlimani. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyeyakusanya masimulizi hayo kwa wazee wa Meru, aliona kwamba Mbwaa ilikuwa hapohapo Manda. Wako wasiokubaliana naye juu ya mahali, lakini habari ya bahari Wameru hawaikani, tena hujivunia. Jirani zao Waembu wao husema walianzia palepale walipo, kwenye kichaka cha Mwenendega karibu na Runyenjes. Basi huyu ametoka baharini na yule ameota hapo. Mbele ya karani wa usajili wote wawili ni Wakenya, na ndivyo ipasavyo. Mimi ambaye babu zangu hawakuondoka baharini hata siku moja ndiye ninayeulizwa nimetoka wapi.

Turudi 1957. Machi mwaka huo Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Pwani tulimpeleka Ronald Ngala, na Bonde la Ufa likampeleka Daniel arap Moi. Kura haikuwa ya kila mtu, maana ilitegemea elimu, mali, kipato au utumishi, na aliyekuwa na sifa nyingi aliweza kuwa na hadi kura tatu. Lakini Mkikuyu, Muembu na Mmeru waliongezewa sharti ambalo Mgiriama au Mluhya hakuwekewa: lazima kwanza apate cheti cha uaminifu, kithibitishe kwamba amekuwa upande wa serikali. Elimu yake yote na shamba lake lote havikuwa kitu bila karatasi hiyo. Matokeo yake yalionekana kwenye masanduku. Wakikuyu waliopewa vyeti walikuwa wachache, Wameru wakawa wengi zaidi, na Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia baraza hilo mwaka 1944, akaangushwa na Bernard Mate, mwalimu kutoka wilaya ya Meru. Sisemi Mate hakustahili. Nasema aliyeshika muhuri wa vyeti ndiye aliyeamua wapiga kura wawe nani, kabla hata kura haijapigwa.

Hapo ndipo uzito ulipo. Haki ikishategemea karatasi inayotolewa kwa hiari ya ofisa, haki hiyo imehamia mfukoni mwa ofisa. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960, vyeti vya uaminifu vikatupwa, na leo hakuna Mmeru anayeulizwa babu yake alikuwa upande gani. Tabia ya kuuliza haikufa. Ilihamishiwa kwa wengine. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa nchi nzima wakapewa kadi za ziada, za rangi ya waridi. Wanubi wa Kibera walifuata njia hiyohiyo ya kamati na wazee, hata kesi ya watoto wao ikafika kwenye Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu haki za mtoto, ambayo mwaka 2011 iliamua kwamba Kenya imewakosea. Na sisi wa Pwani, mwenye jina la Kiislamu anajua alivyozoea.

Mpwa wangu amezaliwa huku Meru. Mama yake, dada yangu, ameolewa na Mswahili wa Majengo. Alipofika miaka 18 alikwenda kwenye ofisi moja ya usajili pamoja na rafiki yake wa shule, Mmeru. Rafiki alimalizwa asubuhi ileile. Mpwa wangu akaambiwa alete kitambulisho cha babu, na cheti cha kifo kwa kuwa babu ni marehemu, na barua ya mzee wa msikiti. Karani hakuwa na ubaya wa uso, alisema tu, "Majina kama haya lazima yathibitishwe." Ilichukua miezi saba. Katikati yake kijana alikosa kibarua, kwa sababu mwajiri hawezi kumlipa mtu asiye na akaunti, na akaunti haifunguliwi bila kitambulisho.

Sasa sheria inasemaje? Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba au mama yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au asizaliwe Kenya. Jina halimo, kabila halimo, wala babu hayumo. Na kifungu hicho kinawahusu hata waliozaliwa kabla ya Katiba hii. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya pasipoti na hati za usajili. Hizo si zawadi. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa dini, kabila au nasaba. Ni kweli Sheria ya Usajili wa Watu inamruhusu ofisa kudai ushahidi zaidi, na inaruhusu kamati za utambuzi. Lakini sheria ndogo hukaa chini ya Katiba, na kudai ushahidi kwa fulani na kutodai kwa mwenzake, sababu ikiwa jina, ni jambo lisiloweza kutetewa kwa kifungu chochote ninachokijua.

Neno "mama" katika kifungu cha 14 lisipitwe haraka. Katika Katiba ya zamani mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alirithi uraia kwa baba peke yake. Tuna mabinti wangapi walioolewa Maskati, Jeddah au Dubai? Watoto wao ni Wakenya kwa kuzaliwa, na wengi hawajui. Uraia wa nchi mbili nao unaruhusiwa kwa Mkenya wa kuzaliwa, ila sheria ya 2011 inamtaka autangaze ndani ya miezi mitatu tangu aupate, na kutotangaza ni kosa. Angalia pia sheria ya nchi ya pili, kwani nchi za Ghuba si wepesi kukubali uraia mbili.

Wako wanaosema Pwani ni tofauti kwa sababu ilikuwa ya Sultani. Ukanda wa maili kumi ulikuwa kweli himaya, chini ya mkataba wa 1895, lakini Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana ukanda huo uwe sehemu ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1963 aliyezaliwa Kenya, koloni au himaya, na mzazi wake mmoja amezaliwa Kenya, akawa raia bila kuomba. Mzee wa Kibokoni alipata uraia wake siku ileile na mzee wa Nkubu, kwa sheria ileile. Lakini tuwe wakweli. Baadhi ya wazee wetu wa Thenashara Taifa walipambana miaka mingi wasihesabiwe wenyeji, kwa sababu mwenyeji alibanwa na asiye mwenyeji aliheshimiwa. Mkoloni ndiye aliyeuweka mtego huo, lakini sisi pia tuliuingia, na wapo wanaotutajia mpaka leo.

Msasa huu unaweza kulegezwa watu wakisimama. Wamakonde waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Kwale walitembea kwa miguu kwenda Nairobi Oktoba 2016, nao wakatambuliwa, wakapewa vitambulisho. Wapemba wa Pwani wakatambuliwa 2023. Februari 2025 Rais Ruto, akiwa ziarani kaskazini mashariki, alitangaza mwisho wa msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani; tangazo hilo likapingwa na likafika mahakamani. Ndiyo maana simshauri mtu ategemee tangazo. Ategemee kifungu.

Ukiambiwa "rudi na kitambulisho cha babu", uliza kwa adabu ni sheria gani, na uombe uandikiwe. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21. Usipojibiwa, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko bure, nayo ina ofisi Mombasa. Andika tarehe, jina la dirisha ulilohudumiwa, na ulichoambiwa. Karani akiona unaandika, mara nyingi faili hupatikana.

Upande wa wajibu wetu, kubwa ni majina. Mama kwenye kitambulisho ni Mwanaisha, kwenye cheti cha mtoto ni Mwana Aisha, shuleni wameandika Aisha. Baba ni Abdalla huku na Abdullahi kule, bin imetiwa hapa na kuachwa pale. Hapo ofisa ana haki ya kuuliza, na dawa yake ni hati ya kiapo au kusahihisha cheti mapema, si siku ya foleni. Kumwazima nduguye kitambulisho, au kumtolea mgeni ushahidi kuwa ni mwana wa shangazi, ni kosa la jinai, na kila anayelifanya anampa karani sababu ya kumsumbua anayekuja nyuma yake. Kitambulisho cha marehemu kirudishwe. Mtoto aandikishwe ndani ya miezi sita, hata kama amezaliwa nyumbani kwa mkunga. Baada ya hapo huwa ni usajili wa kuchelewa, wenye karatasi zaidi na maswali zaidi. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanze na hicho, kabla hajakwenda kwa chifu kutafuta barua.