Vijana wa Kijerumani na Marufuku ya Pombe na Tumbaku Safarini, 1896–1914

Suala la namna ya kuwaepusha vijana na pombe na sigara wanaposafiri kwa vikundi bila wazazi wao lina historia ndefu, lakini ni mara chache limejadiliwa na vijana wenyewe kwa uzito kama lilivyojadiliwa nchini Ujerumani katika miaka iliyotangulia Vita Kuu ya Kwanza. Wakati huo kijana wa Gymnasium, yaani shule ya sekondari iliyowaandaa watoto wa tabaka la kati kuingia chuo kikuu, alikulia katika jamii iliyohesabu unywaji wa bia kuwa sehemu ya kukomaa. Vyama vya wanafunzi wa vyuo vikuu, ambavyo wanachama wake walipigana kwa panga ili kuthibitisha ushujaa, vilikuwa na taratibu za kunywa kwa zamu na kwa amri, na aliyekataa alionekana mpungufu wa heshima. Wanafunzi wa sekondari nao waliunda vyama vya siri vya kuiga mwenendo huo, wakakutana katika vyumba vya nyuma vya baa na kuvuta tumbaku mbali na macho ya walimu, ambao silaha yao kubwa ilikuwa kumfukuza shule aliyekamatwa. Adhabu hiyo haikuvunja vyama hivyo, kwa sababu iliuacha utupu uleule uliowafanya vijana wavitafute.

Njia nyingine ilianza kuonekana mwaka 1896 mjini Steglitz, karibu na Berlin, pale mwanafunzi wa chuo kikuu Hermann Hoffmann, aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi wa Gymnasium ya mji huo hati mkato, alipoanza kuwatoa kwa matembezi ya miguu. Matembezi hayo yalirefuka hadi yakawa safari za wiki kadhaa, ambamo vijana walijipikia kwenye moto wa kuni na kulala juu ya majani makavu katika maghala ya wakulima, chini ya uongozi wa mtu aliyewazidi umri kwa miaka michache tu. Hoffmann alipoondoka, uongozi ulishikwa na Karl Fischer, na tarehe 4 Novemba 1901 chama rasmi kikaundwa kwa jina la Wandervogel, maana yake ndege wahamaji. Mkutano wa kukiunda ulifanyika katika baa iliyokuwa chini ya jengo la halmashauri ya mji, jambo linaloonyesha kwamba waasisi hawakuwa bado na uadui na pombe.

Muundo wa chama hicho unastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa kuwa sheria za shule za Prussia hazikuwaruhusu wanafunzi kuunda vyama vyao, wenye jukumu mbele ya serikali walikuwa watu wazima, ambao baraza lao lilijulikana kwa kifupi kama Eufrat, yaani baraza la wazazi na marafiki. Baraza hilo lilisimamia jina la chama na kukikinga dhidi ya lawama za walimu, lakini halikwenda safarini. Huko njiani neno la mwisho lilikuwa la kiongozi kijana. Mzazi, kwa maneno mengine, alitoa mtoto wake kwa imani, na imani hiyo ilikuwa rasilimali ambayo kikundi kingeipoteza iwapo vijana wake wangeonekana wakiyumbayumba kijijini kwa ulevi.

Ndiyo maana mjadala juu ya pombe ulizuka ndani ya vuguvugu lenyewe. Mwaka 1907, mjini Jena, kundi lililojitenga liliunda chama cha Wandervogel Deutscher Bund, ambacho kilipiga marufuku pombe na tumbaku katika safari zake zote na pia kiliwapokea wasichana. Haishangazi kwamba mambo hayo mawili yalikuja pamoja, kwani hakuna mzazi wa zama hizo ambaye angekubali binti yake alale ghalani na kundi la wavulana wenye chupa.

Kilele kilifikiwa tarehe 11 na 12 Oktoba 1913, vijana zaidi ya elfu mbili walipokutana kwenye mlima Hoher Meissner, karibu na Kassel, kwa sherehe iliyokusudiwa kuwa mbadala wa maadhimisho ya kizalendo ya miaka 100 ya vita vya Leipzig, ambayo wao waliyaona kuwa ya hotuba tupu na vikombe vya bia. Miongoni mwa waandalizi vilikuwamo vyama vya wanafunzi waliojinyima pombe. Azimio lililopitishwa lilisema kwamba vijana wanataka kuyaongoza maisha yao kwa uamuzi wao, kwa kuwajibika wenyewe na kwa ukweli wa ndani, kisha likaongeza kwamba shughuli zote za pamoja zitakuwa bila pombe na bila nikotini. Kuwekwa kwa uhuru na katazo katika tamko moja hakukuwa mkanganyiko, kwa sababu katazo hilo ndilo lililouthibitisha uhuru huo.

Mmoja wa waliokuwapo mlimani, Hans Paasche, anaiunganisha historia hii na Afrika Mashariki. Akiwa ofisa wa jeshi la wanamaji alishiriki katika kukandamiza Vita vya Maji Maji katika eneo la Rufiji, na aliyoyaona huko yalimgeuza kuwa mpinga vita na mpinga pombe. Kuanzia 1912 alichapisha katika jarida la Der Vortrupp barua za kubuni za Lukanga Mukara, Mwafrika kutoka Ziwa Viktoria anayetumwa na mfalme wake kuichunguza Ujerumani, na anayeshangaa kuona watu wakimeza moshi na kulazimishana kunywa. Barua ya mwisho inausifu mkutano wa Meissner. Paasche aliuawa na wanajeshi mwezi Mei 1920.

Machi 1914, mjini Marburg, azimio la Meissner lililegezwa baada ya wanasiasa kulishambulia, lakini kilicholegezwa ni madai ya kujitawala, si kipengele cha pombe na nikotini. Miezi mitano baadaye vita vilianza. Mwaka 1933 vyama huru vya vijana vilivunjwa, na tarehe 9 Machi 1940 amri ya polisi iliwakataza wenye umri chini ya miaka 18 kuvuta sigara hadharani na kunywa pombe kali. Anayesoma historia hii asizichanganye marufuku hizo mbili: ya 1940 ilitoka kwa dola na kulindwa kwa adhabu, ilhali ile ya 1913 iliwekwa na walewale waliopaswa kuitii.