Desturi ya karate: ni nini ya kuchunga?

Jioni moja katika kiwanja cha masomo, hapa Likasi, kijana wa mukaba wa kijani aliniuliza: "Mwalimu, juu ya nini tunarudilia kata kila siku? Mwizi wa usiku hatangojea nimalize kuinama." Mukubwa mmoja wa mukaba mweusi akakasirika: "Njo desturi ile! Wazee walifanya hivi tangu zamani, apana kugeuza." Wakabishana, na kijana hakuonekana tena majuma mawili.

Mimi nafundisha historia. Basi nilitazama hiyo zamani yenyewe.

Karate ilikomaa katika kisiwa cha Okinawa. Bwana mmoja alifundisha wanafunzi wachache, mara nyingi kwa siri. Mwaka 1901 mzee Itosu Anko aliiingiza katika masomo ya watoto kule Shuri. Lakini kalasi nzima haifundishwi kwa siri; kwa hiyo akatunga kata tano za Pinan, zenye kufaa wanaoanza. Mwanafunzi wake Funakoshi Gichin, mwalimu wa masomo kama sisi, alionyesha karate Tokyo mwaka 1922, na kata zile akaziita Heian. Nguo nyeupe na mukaba mweusi aliviazima kwa judo ya Kano Jigoro. Mikaba myeusi ya kwanza aliigawa mwaka 1924.

Munaona, wasomaji wapenzi: mambo mengi tunayoita ya kale yalitungwa na walimu waliotafuta chenye kufaa watoto waliokuwa mbele yao.

Je, tutupe kata? Apana. Itosu mwenyewe, katika barua yake ya mwaka 1908, alishauri kurudilia mara mingi, tena kujua maana ya kila pigo na wakati wa kulitumia. Shauri la pili ndilo tulisahau.

Nilimwomba mukubwa yule aeleze. Katika Heian ya kwanza kuna fasi unavuta mkono, kisha unapiga ngumi toka juu kama nyundo. Alimwambia mwenzake amshike kifundo cha mkono, akavuta, akawa huru. Kijana, ambaye tulikuwa tumemwita arudi, alicheka: "Kumbe ilikuwa ndani!"

Tangu siku ile, kisha kata, tunajaribu wawili wawili. Hatuangushani, maana chini ni simenti. Na mwizi akiwa na kisu, tunawaambia batoto: mupe simu, kimbia.

Salamu tunaichunga. Heshima haizuie mutu kuuliza.