Tabata Dampo: hukumu moja na safari ndefu ya taka za Dar es Salaam

Kwenye daladala za Tabata konda huuliza, "Dampo wapo?" na abiria wanaoshuka hapo hawashtuki. Ni jina la kituo kama Mawenzi au Bima. Wengi wanaolitamka kila siku ni vijana waliozaliwa baada ya dampo lenyewe kufungwa, na ukiwauliza kwa nini panaitwa hivyo watakujibu kwamba zamani walikuwa wanamwaga taka hapo, basi. Nataka kusimulia kilichomo ndani ya hilo "basi". Kimo kisa cha watu wa mtaa mmoja walioishtaki serikali ya jiji lao wakashinda. Kimo pia kipande cha maandishi ambacho nadhani sisi wapenda fasihi tumekipuuza kwa sababu tu kiliandikwa na jaji.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili hakikukosa jina la mahali pa kutupia taka, kwani jaa lipo na jalala lipo. Jaa lilikuwa nyuma ya nyumba au pembeni mwa mtaa. Kuku walichakura pale, na mtoto alitumwa huko jioni na ungo wa maganda ya muhogo na majivu. Wachimbuzi wa mambo ya kale wanayapenda sana majaa, maana vigae vingi vya vyombo vya Uchina na Uajemi vilivyofukuliwa Kilwa ni sahani zilizovunjika mikononi mwa mtu fulani zikatupwa. Dampo ni kitu kingine. Neno lilikuja na lori, na lori lilikuja na ofisi. Anayetupa jaani anaishi jirani na anachokitupa, lakini dampo linatenganisha watu hao wawili. Taka zinatoka Upanga, moshi wake anauvuta mtu wa Tabata. Nadhani ndiyo maana tulihitaji neno jipya.

Sasa historia. Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949 na ikawa jiji mwaka 1961. Wakoloni walikuwa wameipanga kwa rangi za watu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na huduma za usafi zilifuata mpangilio huohuo. Hilo limeandikwa sana, sitalirudia. Linalosahaulika ni la mwaka 1972, pale serikali ilipozifuta serikali za mitaa nchi nzima katika mpango uliojulikana kama madaraka mikoani. Halmashauri ya Jiji ikafa. Kazi zake zikaenda kwa wakubwa wa mkoa na wilaya, ambao walikuwa na mambo mengine mengi ya kufanya.

Mwaka uliofuata, 1973, ndipo redio ilipotangaza kampeni ya Mtu ni Afya. Ilikuwa kampeni kubwa kweli. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika kwenye vikundi kusikiliza vipindi, kujadiliana, kisha kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wazee wanaikumbuka hadi leo, na naikubali kwamba ilifanya kazi. Lakini hebu tazama ilivyokaa. Mwananchi anafundishwa kusafisha uwanja wake, na wakati huohuo chombo cha kuja kuchukua alichokifagia kimeshafutwa. Kijijini hilo si tatizo, unachimba shimo. Mjini, Magomeni au Buguruni, nyumba zimebanana na shimo lenyewe litachimbwa wapi?

Kipindupindu cha mwaka 1977 na 1978 kilitoa jibu. Huduma za miji zilikuwa zimedorora vibaya, na mwaka 1978 bunge likarudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikaja sheria mpya za serikali za mitaa zikizikabidhi rasmi kazi ya kuzoa na kutupa taka. Kazi zilirudi, hela hazikurudi. Malori yalikuwa mabovu, vipuri vinahitaji fedha za kigeni, na waliokumbuka jinsi ya kuendesha halmashauri walishatawanyika. Kwa hesabu za mwanzoni mwa miaka ya 1990, taka zilizozolewa hazikufikia hata asilimia 10 ya zilizozalishwa jijini. Nyingine zilifukiwa, zikachomwa uani, zikasukumwa mfereji wa mvua. Hizo chache zilizobahatika kupanda lori zilikwenda Tabata.

Wakazi wa Tabata walilalamika kwa njia zote ambazo mwananchi anazijua. Moshi hauishi, harufu haivumiliki, inzi wamejaa hadi kwenye chakula. Hatimaye mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu. Kesi inajulikana kwa jina la mlalamikaji wa kwanza, Joseph D. Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo.

Mwaka huo haukuwa mwaka wa kawaida. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, lakini zikawekewa kufuli: kwa miaka mitatu hakuna aliyeruhusiwa kwenda mahakamani kuzidai, eti serikali ipate nafasi ya kurekebisha sheria zake. Kufuli lilifunguka Machi 1988. Watu wa Tabata hawakuja na nadharia za katiba. Walikuja na kero, ile kero ya kawaida ya jirani anayekumwagia uchafu. Mnamo Septemba mahakama iliwakubalia, ikaliamuru Jiji liache kumwaga taka Tabata na litafute mahali pengine pasipohatarisha afya za watu.

Kama simulizi lingeishia hapo lingekuwa zuri na fupi. Jiji liliomba muda. Likapewa, muda ukaisha, malori yakaendelea kupita. Likarudi kuomba muda mwingine. Anayezijua ofisi zetu anaujua mwendo huu, na kwa kweli sisemi kwamba wote waliokuwa pale walikuwa watu wabaya. Walikuwa na jiji zima linalotoa taka kila asubuhi na hawakuwa na pa kuzipeleka. Ila waliona njia rahisi ya kulimaliza tatizo ni kumwomba jaji awaongezee siku za kuwafukizia watu moshi.

Mwaka 1991 ombi hilo lilifika mbele ya Jaji Lugakingira, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wa blogu hii wakae vizuri. Uamuzi wake uko kwa Kiingereza, kama zilivyokuwa hukumu zote za Mahakama Kuu, kwa hiyo nitausimulia kwa maneno yangu. Anasema hajapata kusikia popote duniani mamlaka ya umma, au hata mtu binafsi, akija mahakamani kwa kujiamini kabisa kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, hata wawe wangapi. Anaongeza kwamba maajabu ya namna hiyo yanaelekea kuwa ya Kitanzania peke yake. Kisha anaifungua ibara ya 14 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuishi na kuhifadhiwa maisha yake na jamii. Kutoka hapo anahitimisha kwamba kumweka mtu hatarini kwa makusudi ni kuipinga haki hiyo, na kuitaka mahakama isaidie ni jambo la kutisha zaidi. Ombi likakataliwa.

Naupenda uamuzi huu kwa sababu ya mambo mawili, na sheria siyo moja yao. La kwanza ni kejeli. Majaji wetu huwa hawakejeli, na wakikejeli huwa wanajificha nyuma ya Kilatini. Huyu amejiachia. Hilo neno "maajabu" ni la msimulizi wa hadithi, limekaa kama mzee barazani aliyesikia jambo akageuka kuwauliza wenzake, "Jamani, mmelisikia hili?" La pili ni kile kipande cha "hata wawe wangapi". Kila dampo duniani linatetewa kwa hesabu. Wanaoumia ni wachache na wanaonufaika ni jiji zima, kwa hiyo tuvumiliane. Jaji anaifuta hesabu yote kwa maneno matatu na kuendelea na sentensi yake. Wanasheria wanakumbuka kwamba hapo haki ya kuishi ilipanuka ikagusa hewa tunayovuta. Mimi nakumbuka kwamba ilipanuka katikati ya sentensi, bila tarumbeta.

Halafu malori yakahamia Kunduchi Mtongani.

Ndiyo. Jiji lilitii Tabata likaanza kumwaga kwingine, karibu na makazi ya watu wengine. Mwaka huohuo wa 1991 Festo Balegele na wenzake 749 wakafungua kesi yao, nao wakashinda mbele ya Jaji Rubama. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba ramani kuu ya jiji, iliyotengenezwa na mamlaka zilezile, ilikuwa imelitenga eneo lile kwa makazi. Watu 750 kwenye kesi moja! Mtu aliyewahi kujaribu kuwakusanya wapangaji sita wachangie bili ya maji ataelewa kazi iliyofanyika pale.

Baada ya hapo zamu ilikuwa ya Vingunguti, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Kutoka Vingunguti dampo likaenda Mtoni, upande wa Temeke, karibu na mikoko na maji ya bahari, na kutoka Mtoni likaenda Pugu Kinyamwezi. Zifuate hizo sehemu kwa mpangilio kwenye ramani. Mahakama ilisema pasiwe pale, na mara mbili ilisema hivyo kwa haki kabisa. Lakini mahakama haiwezi kununua lori wala kujenga dampo la kisasa lenye sakafu ya kuzuia maji machafu yasizame ardhini. Inaweza kuzuia tu. Kwa hiyo kila ushindi uligeuka kuwa mzigo wa jirani, na jirani aliyefuata aghalabu alikuwa yule ambaye hakuwa na wakili.

Yaliyofuata ni juhudi za kuijenga upya serikali yenyewe ya jiji. Mwaka 1992 ulianza mradi wa Dar es Salaam Endelevu kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Uliwakalisha maofisa, wafanyabiashara na wananchi meza moja, na taka zikawa ajenda ya kwanza kwa sababu zilikuwa zinaonekana kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1994 kata 10 za katikati ya mji zikakabidhiwa kampuni binafsi. Watu hawakuzoea kulipia taka, wakagoma. Mwaka 1996 halmashauri ikavunjwa, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na kuelekea mwisho wa muongo kata nyingine zikagawiwa kampuni ndogondogo na vikundi vya mitaani, kina mama wa mikokoteni na vijana wa matoroli. Mwaka 2000 jiji likagawanywa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke.

Kwa maoni yangu, vikundi vile ndivyo vilivyobadilisha mambo kuliko kampuni kubwa. Lori haliingii kwenye vichochoro vya Manzese, mkokoteni unaingia. Na anayekuja kudai ada ya mwezi ni mama unayemfahamu, aliyebeba taka zako kwa mikono yake. Kumkatalia huyo ni kazi kidogo. Lakini mkokoteni hauwezi kufika Pugu. Lazima taka zikusanywe mahali zisubiri lori, na lori la kutoka Tegeta kwenda Pugu Kinyamwezi linakata jiji zima kwenye foleni likitumia dizeli. Likichelewa siku tatu, pale zilipokusanywa panakuwa dampo dogo la mtaa. Wakazi wanamlaumu yule mama, wanaacha kulipa. Asipolipwa hana cha kumlipa mwenye lori. Ukitaka kujua kwa nini mtaa wako unanuka wiki ya mvua, anza na umbali huo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliandika waziwazi kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Lugakingira alikuwa ameyatoa hayohayo kwenye ibara ya 14 zaidi ya miaka 10 kabla. Sheria hiyo inazitaka halmashauri ziwe na maofisa na kamati za mazingira, zichambue taka na kuzitupa kwa utaratibu. Lakini kodi ya majengo, mojawapo ya mapato machache ya uhakika ya mji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 tunaikatwa tukinunua umeme wa luku. Ada ya taka bado inadaiwa mlango kwa mlango, kwa risiti ya mkono. Mwaka huohuo wa 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, mdaiwa yule wa kesi ya Kessy, ilivunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Pugu Kinyamwezi iko Ilala.

Na mwaka huohuo pia sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Waliokaa Tabata mwaka 1991 walipewa haki yao ya kuishi kwa lugha ambayo wengi wao wasingeweza kuisoma. Mimi tafsiri ya uamuzi ule kwa Kiswahili sijaiona. Nyumba zimeshajongea karibu na dampo la Pugu, waokota makopo wana familia huko, na siku wakazi wale wakiamua kwenda mahakamani watauhitaji. Mwenye kuziweza lugha zote mbili, na anayejua kwamba "wonders" pale haiwezi kuwa "mambo ya ajabu" tu bali lazima iwe "maajabu", aanze kazi.