Bima ya pengo la mkopo wa gari

Bima ya pengo hulipa tofauti kati ya deni la gari na thamani yake siku linapoibwa au kuharibika kabisa. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, hulazimisha bima ya kufidia watu wengine pekee. Benki inayokopesha hudai bima kamili, na jina lake huandikwa pamoja na la mnunuzi kwenye hati ya umiliki. Fidia hupitia kwa benki kwanza.

Tuseme mfanyabiashara wa Embu anadaiwa shilingi 1,500,000 na gari linathaminiwa 1,200,000: likiibwa, anabaki na deni la 300,000, bila gari. Hatari ni kubwa zaidi kwa pikapu za miraa zitokazo Maua, Meru, kwenda Nairobi kwa kasi inayojulikana na kila mtu barabarani. Huchakaa upesi kuliko mkopo unavyopungua. Aliyelipa nusu ya bei mwanzoni kwa kawaida hahitaji bima ya pengo. Aliyekopa karibu bei yote kwa miaka mingi aulize benki na wakala kuhusu pengo kabla ya kutia sahihi, na asome thamani iliyoandikwa kwenye bima kila inapohuishwa.